Liache Gari Lipate Moto Kwanza

Mwanangu Petua,

Umetoka sasa hivi kwenda kumuaga Shangazi yako, na najua hutarudi mapema, maana Shangazi hajui kumuaga mtu bila kumlisha. Gari limeshapakiwa. Limekaa hapo uani, pua imeelekea barabarani, na kila nikiinua macho kwenye karatasi naliona kupitia dirishani. Nimeona nitumie nafasi hii kuandika, kwa sababu tangu wiki iliyopita mimi na wewe tunaongea kama wapangaji. Habari za asubuhi, chumvi iko wapi, mlango umefunga. Sitaki uondoke hapa Makanyagio tukiwa hivyo.

Sitakuandikia habari za kula vizuri wala za kuchagua marafiki. Unakwenda Kibaoni kufanya kazi ya kubeba mpunga wa watu, huendi kulelewa. Wala sitakuambia haraka haraka haina baraka. Maneno hayo yameandikwa kwenye mabasi, na mabasi hayo hayo ndiyo tunayoyakuta yamelala ubavu mtaroni.

Nataka kusema juu ya siku ile uliyorudi kutoka Ugalla.

Nililisikia gari kabla halijakata kona ya maduka. Miaka yote niliyokaa na Landrova hili, sauti yake naijua kuliko sauti ya ndugu zangu, na siku ile lilikuwa linagonga, linakohoa, halina nguvu. Uliingia uani na mvuke unatoka chini ya boneti. Majirani walikuwa wamejaa hapa wakisubiri asali yao. Nikachungulia geji ya joto, sindano imelala kabisa kwenye nyekundu.

"Hii sindano imepanda toka wapi?" nikakuuliza.

"Toka tulipovuka mto, Baba."

"Na hukusimama?"

"Nisimame porini peke yangu, giza linaingia? Si nimefika?"

Hapo ndipo nikasema lile neno. Kwamba gari si kitu cha kuchezewa na wanawake. Nililisema mbele ya watu, kwa sauti ya juu, mimi niliyekufundisha kubadili gia kabla hujajua kupika ugali usio na madonge. Ukaweka ufunguo juu ya boneti ukasema, "Basi chukua gari lako," ukaingia ndani. Kama si Shangazi yako kuja kesho yake kutugombeza wote wawili, ufunguo ule ungekuwa pale mpaka leo.

Neno lile halikuwa la kweli, na nililijua wakati linatoka. Wewe ni dereva mzuri. Niliogopa, mama. Na sikuogopea hedi, kile kichwa cha injini, kupinda, ingawa hedi ikipinda ni balaa. Kilichonitisha ni jibu lako. "Si nimefika?" Hilo jibu ni langu. Nimelitumia maisha yangu yote, na nilipolisikia mdomoni mwako nilijua umelirithi kwangu pamoja na gari.

Habari ya kuzaliwa kwako unaijua, wameisimulia kila harusi na kila msiba wenye chakula. Lakini wanaoisimulia ni wanawake, nao wanaisimulia ili watu wacheke. Mimi nitakusimulia ya upande wangu.

Wakati ule tulikuwa tunaishi kule kule Ugalla, kijijini, karibu na kambi ya warina asali. Rejeta ilikuwa inavuja chini, tone tone, na mama yako alikuwa amekaribia kujifungua. Fundi wa kuchomea yuko Mpanda. Mimi ni mtoto wa warina asali, nimekulia kwenye nta. Nta ndiyo tuliyozibia nyufa za mizinga, ndiyo tuliyozibia mifuniko ya madebe ya asali, hata ngoma ikipasuka tuliipaka nta. Kwa hiyo nikawaza, kwa nini isizibe rejeta? Nikayeyusha bonge zima, nikapaka kwa nje, na kwa akili zangu nyingi nikamimina nyingine ndani ili ijitafutie tundu yenyewe. Asubuhi nikaangalia chini ya gari, pakavu kabisa. Nilijisifu mbele ya mama yako mpaka akaniambia ninyamaze.

Tukaondoka, mama yako na Shangazi wakiwa nyuma kwenye godoro. Ilikuwa mwezi wa kumi, joto la kuua, majani yote ya miyombo yameanguka na hakuna kivuli cha kumtosha hata kuku. Nta inapokutana na maji ya moto inafanya nini? Mtoto mdogo anajua. Ile ya nje ikayeyuka, tundu likafunguka, maji yakaisha na gari likachemka. Nikasimama, nikasubiri, nikajaza maji ya dumu la kwanza. Nilichokuwa sijui ni kwamba wakati tunasubiri lipoe, ile nta ya ndani ilikuwa inagandia kwenye vijibomba vya rejeta. Nikawasha, hatukufika mbali, likachemka tena kuliko mwanzo. Na uchungu wa mama yako ukaanza hapo.

Tulibaki na dumu moja. Nikalishika nikitaka kulimimina kwenye rejeta. Nilikuwa nasema, "Tutafika, tutafika, kidogo tu tutafika." Shangazi yako akashuka kwenye gari, akaninyang'anya dumu, akaliweka chini ya mti na kulikalia kwa uzito wake wote.

"Kaka," akasema, "haya maji si ya gari."

"Sasa tutafikaje?"

"Nani kakwambia tunafika? Wifi anazalia hapa. Wewe nenda kakae kule mbele."

Watu wanacheka hapo. Shangazi kukalia dumu, na mimi kufukuzwa kwenye gari langu. Na kweli inachekesha. Lakini mimi nilikwenda nikakaa chini, nimeegemea gurudumu la mbele la kushoto, mgongo nimewapa wao, na sijawahi kuwa peke yangu duniani kama siku ile. Mbung'o wananiuma nikawa siwafukuzi. Nilikuwa nasikia tu. Namsikia mama yako, namsikia dada yangu akimpa moyo, nasikia injini ikilia vyuma vyake inapopoa. Hakuna kitu mikono yangu ingeweza kufanya, na mimi ni mtu wa mikono. Nilijua kwamba kama nimewaua, nimewaua kwa nta.

Kisha nikakusikia wewe. Nilikusikia kabla sijakuona. Na sauti ya mama yako, imechoka, ikisema, "Baba Petua, umekula kweli wewe leo?" Ndiyo mara ya kwanza kuitwa hivyo. Petua ni jina la mama yake, hakuwa ameniuliza kama nalitaka.

Warina asali walitukuta jioni wakirudi kambini. Unajua mwiko wao, kambi wakati wa kurina haiingii mwanamke, sembuse mzazi. Walisimama mbali wakanong'onezana, halafu mkubwa wao akasema, "Sisi hatujaingiwa kambini, sisi ndio tumewakuta njiani," mwiko ukawa umeishia hapo. Wakaenda bwawani wakaleta maji kwenye madebe ya asali, wakawasha moto mkubwa. Mama yako akachemshiwa maji ya kuoga, na moto ule ule ukachemsha maji ya kumimina kwenye rejeta kuyeyusha nta. Shangazi anachota debe hili, mimi nachota lile. Nta ikatoka kwa chini, njano, na mama yako ndani ya gari akaanza kucheka. Alicheka mpaka Shangazi akamkataza asije akaumia. Tulilala pale pale. Tundu la rejeta nililiziba kwa kijiti cha mti mbichi, nikalivumilia kwa kujaza maji kila baada ya kilima. Mpanda tuliingia kesho yake, taratibu kama tumebeba mayai.

Ungedhani mtu akishafundishwa hivyo atakuwa amefundishika. Sikufundishika.

Mama yako alipotutoka, unakumbuka nilivyofanya. Nilikupeleka kwa Shangazi ukiwa bado na sare ya shule, nikapakia gari nikaondoka. Nikirudi, napakua, napakia tena, naondoka. Nilikuwa nalala Ugalla, nalala Sitalike, nalala popote, ili mradi nisilale kwenye nyumba hii. Watu wakanisifu kwamba ni mchapakazi, msiba haujamwangusha. Hakuna aliyeniambia kwamba nakimbia, na hata angeniambia ningewasha gari. Wewe ulikuwa unakuja hapa uani kila ukisikia mlio wa Landrova, unasimama pale kwenye mpapai, na mimi nakupa sukari na sabuni ya Shangazi nakuambia nitarudi. Nikikumbuka ulivyokuwa unasimama pale moyo unaniuma mpaka leo.

Ndipo siku moja nikarudi kutoka huko huko Kibaoni unakokwenda wewe. Katikati ya hifadhi ya wanyama sindano ikaanza kupanda. Niliiona. Nikasema nitafika. Nikasikia harufu ya rangi inayoungua, nikasema nitafika. Injini ikazima yenyewe, na nilipoifungua hedi ilikuwa imepinda, gasketi imeungua imebaki kama mkate wa juzi. Nilivutwa na lori la mbao mpaka hapa, na gari likakaa juu ya mawe mwaka mzima.

Mwaka ule sikuwa na pa kukimbilia. Ukarudi nyumbani. Kila jioni ukitoka shule ulikuwa unavua viatu unakuja kuchuchumaa pembeni yangu na kuuliza hiki ni nini, na hiki kinafanya nini, na kwa nini wota pampu inalia. Ulishika spana namba kumi na nne kwa mikono miwili. Tukafungua injini yote tukaipanga kwenye gunia, na wewe ndiye uliyekumbuka kila nati ilikotoka, mimi nilishasahau. Ule ulikuwa mwaka wangu mzuri kuliko yote tangu mama yako afariki, na sikukuambia. Nilikuwa nanung'unika kila siku kwamba gari limekufa, kazi zimekufa. Nilikuwa na furaha, Petua. Nakuambia sasa kwa kuchelewa.

Sasa juu ya siku ile ya Ugalla, kuna jambo nililificha, nalo si la kuficha.

Kesho yake, ungali umelala, nikaifungua rejeta. Mbele yote ilikuwa imejaa mbegu za majani, zile zenye mikia zinazoshika kwenye soksi. Barabara ya mtoni majani yamefunika njia, na zinaingia moja moja mpaka upepo unakosa pa kupita. Mimi nilizijua hizo mbegu, na sikukuambia uziangalie. Nimekuwekea wavu wa dirisha mbele ya rejeta, na kwenye nyasi za hifadhini ushuke uukung'ute kila unapopata mahali peupe. Chungulia kwanza lakini, nyati hawana habari kwamba wewe ni fundi.

La pili ni thamostati, kile kidude kinachoyafungulia maji njia ya kwenda kwenye rejeta injini ikishapata moto. Unakumbuka fundi aliyetusaidia kufunga ile injini aliitoa akaitupa, akasema huku kwetu joto, hiyo ni ya Ulaya kwenye barafu. Karibu mafundi wote wa hapa wanasema hivyo, nami nikaamini, nikawa hata nawafundisha wengine. Sasa nimekaa siku nzima naangalia hosi ya maji ya juu na ile hosi fupi ya pembeni, nikaelewa kitu ambacho ningeelewa zamani kama ningekuwa natulia. Thamostati ikiwa haipo, maji mengi yanakata njia ya mkato, yanazunguka kwenye injini tu bila kupita kwenye rejeta yakapoe. Kwa hiyo gari ulilokuwa unaendesha lilikuwa na ugonjwa nilioutia mimi, miaka yote hii. Ulipaswa kusimama, hapo sijabadili neno. Lakini halikuwa kosa la mguu wako peke yake, na nilikutukana mbele ya majirani. Nimeshawaambia majirani. Mama wa duka la kona amesema alijua tu.

Nilimwagiza mtu wa treni aniletee thamostati kutoka Tabora, nayo ikafika juzi. Ulinikuta jikoni na sufuria kwenye mkaa, nimeinama na kamba mkononi. Ulipita, hukuuliza. Nadhani ulifikiri nachemsha yai. Nilikuwa nimeining'iniza kwenye maji nione kama inafunguka. Maji yakiwa ya vuguvugu imefumba kimya, unasema imekufa hii. Halafu karibu na kuchemka ikaanza kufunguka polepole, yenyewe. Nilitaka sana kukuita uje uone. Jina lako lilifika hapa kooni. Nikaogopa utaniitikia kama unavyoniitikia siku hizi, "Bee" ya adabu isiyo na kitu ndani, nikaacha. Nikaifunga jana ulipokwenda sokoni.

Kwa hiyo gari ni zima. Lakini ni zee, litachemka tena siku moja, kwenye mchanga au likiwa na gunia ambalo mtu amekubembeleza uliongeze. Siku hiyo usiangalie ulikobakiza, angalia sindano. Ikipita katikati, usibishane nayo. Geuza pua ielekee upepo unakotoka, fungua boneti, liache liungurume taratibu kama bado lina maji, na kama maji yamekwisha lizime. Mfuniko wa rejeta usiuguse. Kovu la mkono wangu umelishika tangu ukiwa mtoto, unajua lilikotoka. Wala usilimwagie injini maji ya baridi kwa huruma, itapasuka. Kaa chini usubiri. Giza likikukuta, likukute. Funga milango ulale humo humo. Ukichelewa siku nzima hakuna atakayekuuliza, na akiuliza mwambie baba yangu ndiye kaniambia.

Nyuma ya kiti nimekuwekea madumu mawili. La bluu ni la rejeta. La njano si la gari. Hata likichemka namna gani, hata ukiona taa za Kibaoni kwa mbele, la njano si la gari. Shangazi yako amenituma niandike hivyo, ila nami nilikuwa nishaamua.

Uliniomba twende wote. Nilikujibu kwamba goti hili lililokataa klachi halitaki safari, na ni kweli halitaki, lakini ungeweza kunibeba kama gunia, sababu si goti. Mama yako yuko hapa. Nilimkimbia mara moja, sitaki kumkimbia tena. Nitabaki. Najua nitakavyokuwa, sitakudanganya. Jioni nitakuwa nasikiliza kila gari linalokata kona ya maduka, nikijua kabisa si lenyewe. Pale uani patabaki lile doa la oili, na nitawagombeza kuku wasilikanyage. Nitapika chakula kingi kuliko mtu mmoja, mpaka nitakapozoea. Usinionee huruma ukashindwa kuondoka. Nakuandikia tu ujue kwamba kuna mtu atakuwa anakukumbuka, maana mimi si mtu wa kusema.

Umpe dereva wa lori lolote barua, au hata salamu ya mdomo. Mwambie apige honi mara mbili akipita hapa, nitatoka.

Jambo la mwisho. Kesho asubuhi usiwashe ukaondoka hapo hapo. Injini nzee haipendi kukimbizwa ikiwa baridi. Washa, liache liungurume hapa uani mpaka sindano inyanyuke, ndipo uingize gia. Mimi nitakuwa nimekaa chini, kwenye gurudumu la mbele la kushoto, kwa sababu kutoka pale nasikia vizuri kama mkanda wa feni umekaza. Usishuke. Usiniambie kitu, nami sitakuambia. Sindano ikinyanyuka gonga mlango kwa mkono, nitasimama nikupishe.

Zamani, bila thamostati, lilikuwa linachukua muda mrefu sana kupata moto asubuhi, unakumbuka, tulikuwa tunakunywa chai yote tukamaliza. Sasa litapata moto upesi. Nilipokuwa naifunga jana nilijua kabisa kwamba najipunguzia dakika zangu na wewe, nikasimama na spana mkononi muda mrefu.

Halafu nikakaza.

Baba yako